Nina Deni, Lakini Mimi Si Deni

Kwa miezi minne bahasha yangu ya ahadi ilikaa juu ya kabati bila kuguswa. Walutheri wenzangu wanaijua bahasha hiyo: ina namba ya msharika, unaitumbukiza kwenye kapu la sadaka siku ya Jumapili, na mhasibu wa usharika anaandika daftarini kiasi ulichotoa. Mwaka ule nilipunguzwa kazi katika kiwanda kimoja mjini Morogoro, nilikokuwa mtunza stoo kwa miaka 11. Mafao yakachelewa. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nikakopa kwa mtu wa mtaani, mmoja wa wale ambao Watanzania tumewapa jina la kausha damu, kisha nikakopa kwa mwingine ili nimlipe wa kwanza. Nikaacha kwenda jumuiya, halafu nikaacha na ibada ya Jumapili. Mke wangu nilimwambia nimechoka. Kweli yenyewe ni kwamba niliiogopa ile bahasha.

Leo mimi ni mzee wa kanisa, na katika kutembelea nyumba za washarika nimejua kwamba sikuwa peke yangu. Watu wengi huikimbia nyumba ya Mungu wakati ule ule wanapoihitaji kuliko wakati wote. Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa hukaa nyumbani. Baba ambaye mwanawe ameingia kwenye madawa ya kulevya hukaa nyumbani. Mama ambaye ndoa yake imevunjika huhamia usharika wa mbali, asikojulikana. Kila mmoja ana maelezo yake, lakini ukiwasikiliza kwa utulivu utasikia kitu kimoja chini ya maelezo yote: mtu ameanza kuamini kwamba shida yake ndiyo yeye.

Ndugu msomaji, kama unasoma ukiwa katika hali hiyo, makala hii ni yako. Nitakueleza niliyojifunza kwenye shimo langu, pamoja na yale ninayowaambia watu wanapokuja kukaa nami kibarazani jioni.

Kati ya "ni" na "nina"

Kiswahili kimetupa hekima ambayo tunaitamka kila siku bila kuisikia. Mwenye deni hasemi "mimi ni deni". Husema "nina deni", yaani niko pamoja na deni. Ndivyo tunavyosema nina homa, nina njaa, nina msiba, nina kesi mahakamani. Hiyo "na" ni ya kuandamana. Kitu kimenijia, kimekaa kando yangu, tunatembea nacho kwa muda. Lakini nikisema "mimi ni mtoto wa Mungu", hapo sisemi habari za mwandamani. Nasema mimi ni nani hata waandamani wote wakiondoka, na hata wakikataa kuondoka.

Balaa huanza pale mtaa unapolichukua neno la upande wa "nina" na kulihamishia upande wa "ni", nasi tukaitikia. Mwanamke ana tatizo la uzazi, anaitwa mgumba. Kijana hana ajira, anaitwa mzururaji. Mtu anaishi na virusi vya UKIMWI, anaitwa mwathirika, mpaka jina alilobatizwa linasahaulika. Mimi hakuna aliyeniita mdaiwa mbele ya uso wangu. Nilijiita mwenyewe, usiku, kitandani.

Hata mimbarini tunakosea hapa. Mkumbuke yule mama wa Marko sura ya 5, aliyeugua miaka 12 na kumaliza mali yake yote kwa matabibu wasimfae kitu. Mpaka leo tunamhubiri kwa ugonjwa wake: mwanamke aliyetokwa na damu. Yesu hakumwita hivyo. Alimwita binti. Tena angalia wakati alipomwita. Mama yule alikuwa ameshaligusa vazi la Yesu na ameshapona, na Yesu alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani kwa mtu aitwaye Yairo, ambako mtoto wake alikuwa mahututi. Angeweza kuendelea na safari, ugonjwa ulikuwa umekwisha. Lakini alisimama katikati ya msongamano mpaka mama yule akajitokeza, akampa mbele za watu neno la nyumbani, neno la baba kwa mwanawe. Afya alikuwa nayo tayari. Kilichobaki ni kurudishiwa jina.

Sauti ilitangulia kazi

Tunasoma katika Injili kwamba Yesu alipobatizwa Yordani, sauti ilitoka mbinguni ikamtambulisha kuwa Mwana apendwaye. Wakati huo alikuwa hajaponya kipofu, hajahubiri mlimani, hajalisha umati. Kupendwa kulitangulia kazi. Mara tu baada ya hapo, katika Mathayo sura ya 4, amefunga siku 40 na ana njaa, na mjaribu anakuja. Anaanzia wapi? Kwenye lile jina. Anamtaka athibitishe kwa mawe na mikate kwamba yeye ni Mwana kweli. Njaa ilikuwa upande wa "nina", na mjaribu alitaka kuitumia kutikisa upande wa "ni".

Ukilitazama hilo vizuri utazielewa siku zako ngumu. Njaa, deni na ugonjwa vinaumiza, lakini kinachomaliza nguvu ni lile swali linalokuja pamoja navyo: kama Mungu anakupenda, mbona uko hivi? Swali hilo lina umri mrefu. Liliulizwa jangwani kwa Mwana mwenyewe. Kuulizwa hakuna maana kwamba umepoteza imani.

Wengi wetu tunaishi na Mungu kama vibarua. Kibarua hulipwa kwa kazi ya siku, na siku asipofanya kazi hana chake. Nilipokuwa na mshahara na bahasha yangu imejaa, nilijiona Mkristo mwema. Mshahara ulipokatika, nikajiona sina haki ya kukaa kwenye benchi lile lile. Nilikuwa nimeugeuza ubatizo wangu kuwa kitambulisho cha kazi, kile unachorudisha getini siku ya kuondoka.

Mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, Dietrich Bonhoeffer, alipokuwa kifungoni Tegel, Berlin, mwaka 1944, aliandika shairi la kujiuliza yeye ni nani. Walinzi walimwona ametulia kama mtu aliye huru. Yeye ndani alijijua kuwa amechoka, ana hofu, hana hata nguvu ya kuomba. Hakuchagua kati ya sura hizo mbili. Alilikabidhi swali lenyewe kwa Mungu anayemjua. Alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Kinachonitia moyo ni kwamba hakungoja hofu iishe ndipo aseme yeye ni wa nani. Alisema hofu ikiwa bado imekaa naye chumbani.

Kopo la maji la asubuhi

Sasa tuje kwenye matendo, maana imani isiyoshuka mpaka kwenye saa na siku hubaki ibadani.

Mwaka 1529 Martin Luther alitoa katekisimu mbili. Katika ile Kubwa anamshauri mtu anayesongwa na dhambi na dhamiri aushike ubatizo wake na kuutumia kujibu mashtaka hayo. Katika ile Ndogo, ambayo watoto wetu huisoma wakijiandaa na kipaimara, anaeleza namna ya kuanza siku: ukiamka jitie alama ya msalaba, litaje jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, sema Imani na Sala ya Bwana, omba sala fupi, kisha nenda kazini kwa furaha. Jioni fanya vivyo hivyo, halafu lala mara moja. Mafundisho haya wengi wetu tuliyaacha darasani siku tulipovishwa nguo nyeupe. Mimi niliyafufua nikiwa na miaka 47, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Ninachofanya ni hiki, nawe unaweza kukijaribu kesho. Nikiamka sishiki simu. Ujumbe wa wadai huingia alfajiri, na ukiusoma kabla ya kitu kingine chochote, wao ndio watakaokuambia wewe ni nani siku hiyo. Nachota maji kwa kopo, nanawa uso, na kwa maji hayo naukumbuka ubatizo wangu. Nasema jina langu kwa sauti, kisha nasema sentensi ya "ni": mimi ni mtoto wa Mungu, nimebatizwa. Baada ya hapo, wala si kabla, nasema sentensi ya "nina": leo nina ada ya mtoto inayodaiwa, nina mgongo unaouma, nina mtu wa kumwomba radhi. Mpangilio huo una maana kubwa. Ukianza na "nina", hutafika kwenye "ni" kabla ya saa sita mchana.

Kama ulibatizwa ukiwa mchanga na hujui tarehe, waulize wazazi au kitafute cheti ofisini kwa mchungaji au paroko. Iandike tarehe hiyo ndani ya jalada la Biblia yako. Siku ya giza utahitaji kuona kwa macho yako kwamba jambo lile lilitendeka, mwaka fulani, mahali fulani, na hakuna mdai anayeweza kulifuta.

Omba kwa kuvitaja vitu

Katika Katekisimu Ndogo, Luther anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, hazungumzii mkate tu. Anaorodhesha chakula na mavazi, viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, mwenzi mwema wa ndoa, viongozi waadilifu, hali nzuri ya hewa, amani, afya, marafiki wa kweli na majirani waaminifu. Viatu vimo! Basi usione haya kumwambia Mungu kwamba umeme wa Luku umekwisha, kwamba mtoto amerudishwa shule, kwamba mahindi yamekauka kabla ya kubeba. Sala ya maneno makubwa yasiyogusa kitu humchosha anayeomba. Taja kitu kwa jina lake.

Taja na maumivu. Tumefundishana kwamba Mkristo mwenye imani haonyeshi machozi, kila ukimuuliza hali anajibu "Bwana ni mwema" huku amekunja ngumi mfukoni. Zaburi hazikufundisha hivyo. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu mara nne ndani ya mistari miwili ni mpaka lini. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, haina hata mstari mmoja wa kufuta machozi, na waliokusanya Maandiko hawakuiondoa. Iliachwa ili siku usipokuwa na neno la shukrani bado uwe na sala ya kuomba. Kumlilia Mungu ni imani, kwa sababu hakuna mtu anayemlilia yule ambaye haamini kwamba yupo.

Tena jihadhari na wenye haraka ya kukueleza kwa nini yamekupata. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walipoketi naye chini kimya. Waliharibu walipoanza kutafuta kosa lake, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walitaka kujua kipofu amekuwa kipofu kwa dhambi ya nani, na Yesu alikataa kumtafuta mwenye kosa. Ukikutana na mtu anayekuambia shida yako imetokana na imani ndogo, kisha akakuuzia mafuta au maji ya kuiondoa, mshukuru kwa heshima, utunze fedha yako, uende zako. Neema haina bei.

Una nini nyumbani?

Katika 2 Wafalme sura ya 4 yumo mjane mmoja. Marehemu mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mcha Mungu anayejulikana, lakini aliacha deni, na mdai anakuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Kwanza, liweke hilo moyoni: nyumba ya mcha Mungu inaweza kuwa na deni. Pili, sikiliza Elisha alivyomjibu. Alimuuliza ana nini nyumbani. Mjane alikuwa na chupa ya mafuta tu. Elisha akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Mafuta yakajaa vyombo vyote. Na muujiza ulipokwisha mjane hakukaa kuushangaa, aliagizwa akauze mafuta, alipe deni, na kinachobaki waishi nacho yeye na wanawe.

Hapo pana mafundisho ya fedha ambayo yangeniokoa mapema. Nayapanga kama nilivyoyatumia baadaye.

Chukua daftari, andika madeni yote. Andika jina la mdai, kiasi ulichopokea, riba, tarehe ya kulipa, na ulichoweka rehani. Nilipoandika nilikuta wadai watano, ilhali kichwani nilikuwa na wadai hamsini. Hofu hukuza hesabu, kalamu huipunguza.

Mwambie mwenzi wako wa ndoa. Nilimficha mke wangu kwa miezi mitatu nikidhani namlinda. Alipojua alilia, kisha akaniuliza swali la Elisha kwa namna yake: tuna nini humu ndani? Tulikuwa na jiko la mkaa, kikaango na mikono yake inayojua vitumbua. Tulianzia hapo.

Mwendee mdai kabla ya tarehe, usingoje akutafute. Mdai anayekuona unakuja na elfu kumi mkononi hukuheshimu kuliko anayekuona unakata kona. Anza na deni ambalo riba yake inakula haraka zaidi, hata kama ni dogo.

Usikope kulipa mkopo, isipokuwa umepata mahali penye riba nafuu kweli na masharti yaliyoandikwa, kama SACCOS au kikundi cha kuweka na kukopa ambacho wewe ni mwanachama. Usimwachie mtu kadi yako ya benki na namba ya siri. Hapa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Omba kuiona, na usipoonyeshwa, ondoka.

Na sadaka? Yesu alimwona mjane aliyetoa senti mbili akamheshimu, basi toa kidogo chako bila haya. Lakini usikope ili utoe. Mungu hajengi nyumba yake kwa riba ya mtu anayekamua damu yako.

Mzigo na furushi

Wagalatia sura ya 6 huwachanganya watu. Katika mstari wa 2 Paulo anataka tubebeane mizigo. Katika mstari wa 5 anasema kila mtu atabeba chake. Je, amejipinga? Hapana. Katika Kigiriki alitumia maneno mawili tofauti, na Biblia yetu ya Kiswahili ya Union imeitunza tofauti hiyo vizuri: kwanza mizigo, kisha furushi. Furushi ni lile unalojitwisha mwenyewe safarini: kazi yako, malezi ya watoto wako, toba yako. Hilo usimtwike mwenzako. Mzigo ni ule unaovunja mgongo wa mtu mmoja: msiba, maradhi ya muda mrefu, moto ulioteketeza nyumba, kupoteza kazi. Huo haukuumbiwa mtu mmoja, na ukijaribu kuubeba peke yako kwa sababu ya fahari, unaikosesha jumuiya kazi yake.

Ukanda wetu una urithi mkubwa katika hili. Mwaka 1929, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutokana na watu kama hao, katika miaka ya 1930, ukaenea Uamsho wa Afrika Mashariki, Rwanda na Uganda, Kenya na Tanganyika, ukafika mpaka kwa Walutheri wa Bukoba. Watu waliouishi tuliwaita walokole. Walikutana mara kwa mara, Mwafrika na Mzungu kwenye benchi moja, wakaambiana wazi dhambi na udhaifu wao. Aliyeiba alirudisha. Aliyegombana alikwenda kupatana. Waliuita mwenendo huo kutembea nuruni. Siri ya nguvu yao haikuwa kukosa shida, ilikuwa kukosa la kuficha.

Hatuhitaji kuanika kila jambo mbele ya kila mtu. Chagua watu wawili au watatu wa jumuiya yako ambao hujasikia siri ya mwingine ikitoka vinywani mwao. Waambie jambo moja kwa uwazi, na uwaambie unachohitaji: niombeeni, au nisindikizeni hospitali, au nitafutieni kibarua. Watu wengi hawasaidii kwa sababu hawajui waanzie wapi.

Nawe ambaye leo uko salama, usingoje kuitwa. Kiti kikibaki wazi wiki tatu, nenda nyumbani kwa mwenye kiti. Usiende na swali la kwa nini haonekani. Nenda na kilo ya sukari na muda wa kukaa.

Mkate wa Eliya

Nabii Eliya, baada ya ushindi mkubwa pale Karmeli, alikimbia jangwani, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Habari hii imo katika 1 Wafalme sura ya 19. Malaika hakumhubiria wala hakumkaripia. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula. Mazungumzo na Mungu yalifuata baadaye, mlimani Horebu, baada ya mwili kupata haki yake.

Nimewaona watu wanaofunga na kukesha wakati mwili unalilia usingizi, kisha wanajilaumu kwamba Roho amewaacha. Ukiwa kwenye dhiki, kula kwa saa, hata kama ni uji. Lala. Tembea kidogo jioni. Na kama huzuni imekukalia wiki baada ya wiki, hulali, huli, huoni raha ya chochote, au unapata mawazo ya kujidhuru, huenda ni sonona. Huo ni ugonjwa na una matibabu. Mwambie mtu leo hii, na muende pamoja hospitalini. Kwenda kwa daktari hakupunguzi imani, kama vile kula mkate hakukumpunguzia Eliya unabii.

Nasisitiza: asikuambie mtu uache dawa za presha, za kisukari au za kufubaza virusi kwa sababu umeombewa. Ombewa, na dawa uendelee nazo. Mungu akikuponya, vipimo vitasema, na daktari ndiye atakayekuambia uache.

Usiagizwe kuvumilia uovu

Neno kubeba msalaba limetumika vibaya majumbani. Mke anapigwa, anaambiwa avumilie, huo ndio msalaba wake. Mtoto anatendewa uchafu na ndugu, familia inaambiwa isamehe na kunyamaza ili jina la ukoo lisichafuke. Kristo aliuchukua msalaba wake mwenyewe kwa hiari, kwa ajili ya wengine. Kipigo cha mume mlevi si msalaba, ni uovu, na mwenye kuupata ana haki ya kuondoka mahali pa hatari, kwenda kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na kutafuta hifadhi. Wewe ni binti wa Mungu. Asiyekuheshimu kama binti hajatumwa na Baba yako. Kusamehe ni safari ya moyo, na mtu anaweza kuianza akiwa mahali salama.

Bahasha

Nimalizie nilipoanzia. Jumamosi moja saa kumi na mbili alfajiri, mama mmoja mzee wa jumuiya yetu alibisha hodi. Yeye mwenyewe ni mjane anayeuza mchicha sokoni. Alisema jumuiya siku hiyo itasali nyumbani kwetu, na wenzake walikuwa nyuma yake, na mmoja amebeba mkeka. Sikuwa na la kusema. Tulikuwa na vikombe vinne na watu tisa. Walipofika kwenye maombi, yule mama aliniombea kwa jina langu la ubatizo, lile ambalo hata mke wangu halitumii sana. Hakutaja kazi wala deni. Alimwambia Mungu: mtoto wako huyu.

Hapo ndipo nilipolia.

Jumapili iliyofuata niliishusha bahasha kabatini, nikatia shilingi mia tano, nikaenda kukaa kwenye benchi langu. Madeni nilimaliza kuyalipa baada ya miaka miwili na miezi kadhaa, kwa vitumbua, kwa vibarua, na kwa kazi ndogo ya ulinzi wa usiku. Kiwandani sikurudi. Mgongo bado unauma. Nina mambo mengi hata leo, nami huyataja moja baada ya jingine kila asubuhi nikimaliza kunawa uso.

Lakini huanza na jina.